Kubashiri Washindi wa Tuzo za Hoki ya Barafuni: Somo la Uwezekano

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Bila shaka wengi wenu mtashangaa kuona kichwa cha makala haya. Hapa kwetu barafu huonekana ndani ya friji tu, na mpira tunaoujua sisi ni ule wa miguu. Basi yafaa kwanza nieleze jinsi nilivyoingia katika jambo hili, kwa maana sikuanza kwa mchezo. Nilianza kwa hasara.

Mwezi wa Januari 2025 shule ilipofunguliwa, mimi sikurudi kwa wakati. Mama alikuwa amempa kaka yangu shilingi 85,000 aninunulie sare na madaftari, na zitakazobaki ziwe nauli yangu. Kaka hakuzila fedha hizo wala hakuzinywa. Alizitia katika kubeti. Alipanga mechi nane za mpira wa miguu katika mkeka mmoja, na kila mechi aliichunguza kwa makini sana. Jumapili usiku alikuja akaketi mlangoni, akasema, "Mdogo wangu, mkeka umechanika. Mechi moja tu." Nilikaa nyumbani majuma mawili, mpaka mama alipouza kuku na kukopa kwa jirani.

Maneno yale, "mechi moja tu," hayakunitoka kichwani. Kaka aliyasema kama mtu aliyekaribia sana kufika. Nami nilijiuliza: je, ni kweli alikaribia?

Mwezi wa Aprili mwaka huohuo mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye alisoma miaka miwili Canada, alileta katika Chama cha Hisabati cha shule hesabu za msimu mzima wa hoki ya barafuni. Alisema, "Washindi wa tuzo hawajatangazwa. Hesabu zote ni hizi. Bashirini." Alituambia kwamba amechagua mchezo tusioujua kwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kubashiri kwa mapenzi ya timu yake. Tena alikataza mtu yeyote kuwekeana dau, hata la kijiko cha sukari.

MCHEZO WENYEWE

Hoki ya barafuni huchezwa na timu mbili juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea. Kila upande huwa na watu sita uwanjani, yaani kipa mmoja na wachezaji watano. Hawapigi mpira wa duara, bali kisahani kigumu cha mpira mweusi, nao hukipiga kwa magongo. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20.

Ligi kubwa kuliko zote ni ile iitwayo NHL, iliyoundwa Montreal, Canada, mwezi wa Novemba 1917. Katika msimu wa 2024–25 ilikuwa na timu 32 za Canada na Marekani, na kila timu ilicheza mechi 82 kabla ya mtoano wa kuwania Kombe la Stanley.

Msomaji akumbuke jambo moja la hesabu. Mchezaji hupata pointi moja akifunga bao, na pointi moja akitoa pasi iliyozaa bao. Bao moja laweza kuwapa watu wawili pointi za pasi. Timu nayo hupata pointi 2 ikishinda, na pointi 1 ikishindwa baada ya muda wa nyongeza.

Wala mtu asiseme mchezo huu hauna ndugu kabisa huku kwetu. Jirani zetu wa Kenya walianzisha timu iitwayo Ice Lions, iliyojifunza katika kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli moja ya Nairobi. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Canada, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, watu wawili wenye sifa kubwa katika ligi hiyo.

TUZO NA WATU WAZITOAO

Tuzo za msimu ni nyingi, nazo ni za namna mbili. Namna ya kwanza haina kura. Kombe la Art Ross hupewa mwenye pointi nyingi kuliko wote, na Kombe la Maurice Richard hupewa mfungaji wa mabao mengi kuliko wote. Hapa hakuna ubishi. Ni kuhesabu tu.

Namna ya pili ni ya kura, na ndiyo iliyotushughulisha sisi. Tulichagua tuzo tano:

1. Kombe la Hart, la mchezaji mwenye thamani kubwa kwa timu yake. Lilitolewa na Daktari David Hart, na mshindi wa kwanza, mwaka 1924, alikuwa Frank Nighbor wa Ottawa.
2. Kombe la Norris, la mlinzi bora.
3. Kombe la Vezina, la kipa bora. Jina hili ni la Georges Vezina, kipa wa Montreal, aliyeugua kifua kikuu akafa mwaka 1926.
4. Kombe la Calder, la mchezaji bora aliye mgeni katika ligi.
5. Kombe la Jack Adams, la kocha bora.

Makombe ya Hart, Norris na Calder hupigiwa kura na waandishi wa habari za hoki. Kombe la Vezina hupigiwa kura na mameneja wakuu wa timu. Kombe la Jack Adams hupigiwa kura na watangazaji wa mechi. Kwa hiyo anayebashiri habashiri mchezo tu. Anabashiri mawazo ya watu walioutazama mchezo. Hilo ndilo fundisho la kwanza.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Kwanza, soma vizuri maneno ya tuzo. Katika msimu wa 1988–89 Mario Lemieux wa Pittsburgh alipata pointi 199, na Wayne Gretzky wa Los Angeles alipata 168. Mtu wa kuhesabu tu angesema Kombe la Hart ni la Lemieux. Lakini alilipata Gretzky. Kwa nini? Kwa sababu tuzo haisemi "mwenye pointi nyingi," bali "mwenye thamani kubwa kwa timu yake." Gretzky alikuwa amehamia Los Angeles mwezi wa Agosti 1988, na timu ile, iliyopata pointi 68 msimu wa nyuma, ilipanda hadi 91. Hata sisi darasani twajua kwamba anayejibu swali ambalo halikuulizwa hapati alama, hata kama jibu lake ni zuri.

Pili, jua jinsi kura zinavyohesabiwa. Kwa Kombe la Hart kila mwandishi huandika majina matano kwa mpangilio. Wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 7, wa tatu 5, wa nne 3, wa tano 1. Tuseme kuna wapiga kura kumi. Mchezaji A anawekwa wa kwanza na watu 6, lakini wale 4 waliobaki wanamweka wa nne. Jumla yake ni 60 na 12, yaani 72. Mchezaji B anawekwa wa kwanza na watu 4, na wale 6 wanamweka wa pili. Jumla yake ni 40 na 42, yaani 82. B anashinda, ingawa A alipendwa na wengi zaidi. Basi usiulize tu, "Nani ana mashabiki wengi?" Uliza pia, "Nani hana wapinzani wengi?"

Mwaka 2002 José Théodore, kipa wa Montreal, na Jarome Iginla, mshambuliaji wa Calgary, walilingana kabisa kwa pointi za kura. Ikabidi kuangalia nani aliwekwa wa kwanza mara nyingi zaidi, na kombe likaenda kwa Théodore. Nani angeweza kubashiri jambo kama hilo kwa hakika?

Tatu, jua masharti. Katika msimu wa 1979–80 Gretzky, aliyekuwa kijana tu, alipata pointi 137 na akachukua Kombe la Hart. Lakini Kombe la Calder la wageni alilipata Ray Bourque, kwa kuwa Gretzky alikwisha kucheza mwaka mmoja katika ligi nyingine kubwa, hivyo hakuhesabiwa mgeni. Tena mwaka 1990 Sergei Makarov alilichukua kombe hilo akiwa na umri wa miaka 31, baada ya kucheza miaka mingi katika Urusi ya Kisovieti. Baada ya hapo liliwekwa sharti la umri: mchezaji awe hajatimiza miaka 26 ifikapo tarehe 15 Septemba ya msimu huo. Asiyejua masharti huweza kumchagua mtu ambaye jina lake haliruhusiwi hata kuandikwa.

Nne, jua wakati wa kura. Kura hupigwa baada ya mechi za kawaida na kabla ya mtoano kuanza, ingawa washindi hutangazwa baadaye. Kwa hiyo mchezaji anayeng'ara katika mtoano haongezi chochote katika kura hizi. Na aumiaye hupoteza nafasi yake. Connor McDavid katika msimu wake wa kwanza, 2015–16, alivunjika mfupa wa bega, akacheza mechi 45 tu. Kombe la Calder likaenda kwa Artemi Panarin wa Chicago. Mwezi wa Oktoba hakuna mtu ajuaye ni mfupa wa nani utakaovunjika.

JARIBIO LETU

Sasa nieleze tulivyobashiri sisi. Wanachama tulikuwa 22. Kila mmoja aliandika majina yake matano, akayatia katika bahasha, na mwalimu akazifungia bahasha hizo kabatini. Tulizifungua mwezi wa Julai tuliporudi kutoka likizo. Haya ndiyo yaliyokuwa yangu.

Kombe la Norris: niliandika Cale Makar wa Colorado. Alikuwa amefunga mabao 30 na kupata pointi 92, akiwazidi walinzi wenzake wote. Nilipata.

Kombe la Vezina: niliandika Connor Hellebuyck wa Winnipeg. Kipa huyu alishinda mechi 47, na katika kila mipigo 1,000 alizuia kama 925. Nilipata.

Kombe la Jack Adams: niliandika Spencer Carbery wa Washington. Nilitazama miaka ya nyuma, nikaona kwamba watangazaji mara nyingi humpenda kocha aliyeipandisha timu kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 2024 alishinda Rick Tocchet wa Vancouver, ambaye timu yake ilitoka pointi 83 hadi 109. Washington nayo ilitoka pointi 91 hadi 111. Nilipata.

Kombe la Calder: niliandika Macklin Celebrini wa San Jose. Alipata pointi 63 katika mechi 70, na Lane Hutson wa Montreal alipata 66 katika mechi 82. Niligawanya, nikaona Celebrini ana 0.90 kwa mechi na Hutson 0.80. Nikafurahi kwa ujanja wangu. Lakini nilisahau kwamba Hutson ni mlinzi, na kazi ya mlinzi si kufunga. Pasi zake 60 zilifikia rekodi ya mlinzi mgeni iliyowekwa na Larry Murphy katika msimu wa 1980–81. Alishinda Hutson. Nilikosa.

Kombe la Hart: hapa ndipo nilipojiamini kuliko pote. Nilihesabu makipa waliowahi kulipata tangu 1924, nikakuta ni saba tu, na wa mwisho alikuwa Carey Price mwaka 2015. Nikasema, "Kipa hawezi." Nikaandika Leon Draisaitl wa Edmonton, aliyefunga mabao 52 kuliko wote. Alishinda kipa, yuleyule Hellebuyck ambaye mimi mwenyewe nilimpa Vezina! Timu yake ya Winnipeg ilikuwa imeongoza ligi nzima kwa pointi 116. Nilikuwa nimegeuza desturi kuwa sheria. Jambo lililotokea mara chache si jambo lisilowezekana.

Tena kuna la kustaajabisha. Wachezaji wenyewe wana tuzo yao, iitwayo Ted Lindsay, wanayompa aliye bora miongoni mwao. Msimu huohuo wao walimchagua Nikita Kucherov wa Tampa Bay, aliyeongoza kwa pointi 121. Msimu ni mmoja, macho ni mawili, na majibu ni mawili.

Katika bahasha 22 hakuna hata moja iliyokuwa na majina yote matano sawasawa. Aliyefanya vizuri kuliko wote alipata manne. Mimi nilipata matatu, na mwalimu alisema si vibaya.

HESABU YA MKEKA

Mwaka huu tulipofika katika somo la uwezekano, nilirudi kwenye karatasi yangu. Nilipata 3 katika 5. Tuseme huo ndio uwezo wangu, yaani 0.6 kwa kila tuzo, na tuseme tuzo moja haitegemei nyingine. Je, uwezekano wa kupata zote tano ni ngapi? Ni 0.6 mara 0.6 mara 0.6 mara 0.6 mara 0.6. Jibu ni 0.078 hivi. Maana yake, nikibashiri misimu 100, ni misimu kama 8 tu nitakayopata zote.

Kisha nikageukia mkeka wa kaka. Tuseme yeye ni hodari kuliko mimi, na kila mechi anabashiri sawasawa mara 7 katika 10. Kwa mechi nane, uwezekano wa kupata zote ni 0.7 kuzidishwa kwa yenyewe mara nane. Jibu ni 0.058 hivi. Katika mikeka 100, karibu 6 tu itakuwa mizima, na 94 itachanika.

Lakini jambo lililonitia baridi ni hili. Nilihesabu pia uwezekano wa kukosa mechi moja tu kati ya nane. Mechi ya kukosa yaweza kuwa yoyote katika zile nane, kwa hiyo tunazidisha 8 kwa 0.3, kisha kwa 0.7 mara saba. Jibu ni 0.198 hivi, yaani karibu mikeka 20 katika 100. Basi mtu hodari kama kaka yangu atakosa "kwa mechi moja tu" zaidi ya mara tatu kwa kila mara moja atakayoshinda!

Ndugu msomaji, tafakari hapo. Kaka alidhani amekaribia, akataka kujaribu tena. Kumbe kule kukaribia ndiko kunakotazamiwa. Si dalili ya bahati inayokuja. Ni desturi ya mkeka wenyewe, nayo itamrudia mara nyingi, na kila mara itamwambia, "Bado kidogo."

Wala sisemi kwamba kubashiri ni kubaya. Mkulima hubashiri mvua, daktari hubashiri mwendo wa ugonjwa, na sisi tuliandika majina katika bahasha tukajifunza mengi. Tofauti ni kwamba aliyekosa katika bahasha alipoteza majivuno tu, tena majivuno yangu yalihitaji kupunguzwa. Lakini aliyetia nauli ya mdogo wake amempa mtu mwingine alipe kosa lake. Mimi nilikosa masomo ya majuma mawili, na mama alikosa kuku wake.

Katika likizo ya Desemba nilimwonyesha kaka hesabu hii. Sikumwonyesha kwa dharau, kwa maana yeye ni mkubwa wangu, na ndiye aliyenifundisha kuzidisha nilipokuwa mdogo. Aliitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Hii 20 umeipataje?" Nikamweleza tena, hatua kwa hatua. Alichukua kalamu akaihesabu mwenyewe, akapata jibu lilelile. Hakusema neno. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Kesho yake alimpa mama shilingi 10,000, akasema zilizobaki zitakuja. Mama alizipokea bila kuuliza.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Mtu mmoja asema, "Kocha wa timu iliyoongoza ligi lazima apewe Kombe la Jack Adams." Kwa mifano ya miaka ya 2024 na 2025, onyesha kwa nini neno "lazima" halifai hapa.

2. Tuseme mtu ni hodari sana, abashiri sawasawa mara 8 katika 10. Je, mikeka yake mingapi katika 100, ya mechi nane nane, itakuwa mizima? (Jibu: karibu 17.)

3. Hesabu, kwa mtu huyohuyo, ni mikeka mingapi katika 100 itakayochanika kwa mechi moja tu. Ukiisha kupata jibu, mweleze mtu mmoja nyumbani kwenu, kwa adabu, naye aihesabu kwa mkono wake mwenyewe.